Silanga ya Inchi Nne kwa Tano

Mtu pekee aliyewahi kuninyang'anya simu tangu niwe mtu mzima ni bibi mmoja wa Garissa, mwenye studio ya picha nyuma ya maduka ya nguo. Aliitoa mkononi mwangu bila kuomba, akaizungushia kitambaa, akaiweka rafuni nje ya chumba chake cha giza. Mimi ni mwalimu wa Kemia. Nimezoea kunyang'anya watu simu, si kunyang'anywa. Nilivimba kwa hasira, lakini nilikuwa nimejipeleka mwenyewe kwenda kufundishwa, basi nikamfuata ndani.

Nilikuwa na mwaka mmoja hapo mjini, nimehamishwa kutoka pwani. Mara ya kwanza nilimwendea kwa ajili ya picha ya kitambulisho cha kazi. Wanawake wa Garissa humpenda kwa sababu mbele yake wanaweza kufungua nikabu bila wasiwasi, na harusi za wanawake hazikamiliki bila yeye. Kazi hizo alizifanya kwa kamera ya kisasa kama watu wengine. Ila nyuma ya pazia niliona kamera ya mbao yenye mfuko mweusi wa ngozi unaokunjuka na kukunjika, imesimama juu ya miguu mitatu, na ukutani picha za nchi zisizo na mtu hata mmoja. Mto Tana umefura hadi kwenye migomba. Mashamba ya Rhamu kando ya mto Daua, mifereji imenyooka. Nyika tupu yenye njia moja ya ngamia. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, na bado nikaweza kuhesabu miiba. Nikamuuliza ni simu gani inapiga picha namna ile. Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wakiandika kwamba chumvi ni tindikali.

Ufundi huo aliachiwa na marehemu mumewe. Kila picha ilitoka kwenye kipande kimoja cha filamu, kikubwa kama kiganja, inchi nne kwa tano, ambacho hupigwa mara moja tu. Vipande hivyo aliagiza Nairobi na vilifika kwa kuchelewa, vingine vimeungua kwa joto la njiani. Kwa hiyo hakupiga ovyo. Nilimwomba anifundishe, naye akakubali kwa sharti kwamba nisimsomeshe Kemia. Nikaanza kumwita eeddo, yaani shangazi kwa Kisomali, kama walivyomwita wanawake wote wa mtaani.

Sharti lile nililivunja siku hiyo hiyo. Kusafisha filamu kunataka maji ya baridi, na maji ya bomba ya Garissa hutoka yakiwa ya kuogea mtoto mchanga, tena na rangi ya chai. Eeddo aliyachemsha, akayachuja kwa kipande cha shuka, akayatia kwenye mtungi wa udongo uliovikwa gunia bichi, na akafanya kazi baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamepoa kabisa. Alitia kidole ndani na kusema yako tayari au bado. Mimi nikaja na kipimajoto cha maabara. Alisema yana joto kidogo. Kipimajoto kikasema digrii ishirini na tano. Alisema sasa sawa, kikasema ishirini na mbili. Nilikirudisha shuleni kimyakimya.

Jambo la simu lilikuwa hivi. Filamu inasafishwa gizani, giza la kweli, na mwanga wa simu kidogo tu huiua. Lakini muda lazima upimwe, maana ikikaa kwenye dawa kupita kiasi sehemu zenye jua huungua na kutoka nyeupe pe pichani, na ikitoka mapema haina kitu. Eeddo alipima kwa tasbihi. Mkono mmoja ulitikisa trei polepole, wa pili ukavuta punje, subhanallah moja kwa kila punje, mizunguko minne. Kisha siki ya dukani iliyozimuliwa kuisimamisha ile dawa, kisha dawa ya kukazia. Niliona ni mchezo. Nikasimama nje ya mlango na simu yangu, nikampima mara tatu kwa siku tatu bila yeye kujua. Kila mara alitumia dakika sita na nusu, akizidisha au kupunguza sekunde chache. Nilitaka kumkamata na nikashindwa, na tangu siku hiyo nilimheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mkuu yeyote wa idara. Alisema mkono unafanya kazi ya dunia na ulimi unafanya kazi nyingine, hakuna saa inayopotea.

Kaka yake alikuja kuishi naye mwaka huo. Mzee mrefu, mfugaji wa ngamia kutoka Hulugho, amewaachia wanawe mifugo kwa sababu ya macho. Mimi nilimwita adeer, yaani ami. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, kwamba mshipa ulioharibika haurudi, na matone aliyopewa yangechelewesha tu. Nyumbani aligonga miimo ya milango na kuangusha birika lililokuwa mbele ya miguu yake. Nilipomwona anasoma msahafu mdogo wa mfukoni, nilikwenda sokoni nikamnunulia mkubwa, wenye herufi za kuonekana na jirani. Alinishukuru sana. Wiki iliyofuata nikamkuta na ule mdogo tena, ameuinua karibu na miwani, anasoma mstari kwa mstari bila kukwama, na wangu umewekwa juu ya kabati kwa heshima zote. Nikajisemea, wazee wana ukaidi. Nilikasirika kwa siku mbili.

Alasiri moja tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia, akaanza kuzungumza juu ya silanga ya kwao. Silanga ni bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo, na lile lao alilichimba pamoja na baba yake alipokuwa kijana. Alisema hana haja ya kurudi kukaa, barabara ile inamvunja mgongo, na huko angekuwa mzigo kwa wanawe. Anachotaka ni kuliona mara moja lote, vizuri, kabla macho hayajafunga. Aliniambia mimi, kwa Kiswahili chake ambacho p hugeuka b, maana dada yake alikuwa ameshaanza kufuta machozi.

"Nikikuwa kibofu, mwalimu, nitaangalia ndani. Sasa ndani lazima iko kitu. Mimi nakumbuka kibande kibande tu."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: kumpa mtu huyu mahali pake pazima, ajaze macho kabla giza halijamfikia. Wanawe walikuwa wameshamtumia picha za simu. Aliziona kama vumbi.

Shule zilipofungwa tukaenda Hulugho, eeddo na mimi, tukiwa na kamera ya mbao imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Zilibaki filamu mbili tu kwenye boksi na hakukuwa na habari ya nyingine. Siku ya kwanza hakupiga kitu. Alizunguka silanga asubuhi, mchana na jioni, akatazama kivuli cha mkono wake juu ya udongo mweupe, akawauliza wachunga ngamia wananywesha saa ngapi. Mimi nilitaka tupige magharibi, mawingu yakiwa mekundu. Akaniuliza filamu yake itaona wekundu gani, na ni nyeusi na nyeupe.

Siku ya pili, jua lilipopanda kiasi cha kufika juu ya vichaka, alijifunika shuka nyeusi pamoja na nyuma ya kamera, akakaa humo muda mrefu mpaka mbuzi wakaja kumnusa. Alipotoka alinieleza alichoamua. Udongo mweupe unapiga kelele, alisema, hauhitaji msaada. Vichaka vya kivulini ndivyo vinanong'ona. Kwa hiyo alipima mwanga wa kile kivuli, akaiachia filamu mwanga mwingi, zaidi ya vile ambavyo ningethubutu, na ule udongo mweupe akaahidi kuutuliza nyumbani, ndani ya trei. Alipiga filamu ya kwanza. Akapiga ya pili sawasawa na ya kwanza. Hiyo ilikuwa desturi yake siku zote: ya kwanza ni ya kujifunzia, ya pili ni ya kusahihisha. Tukaondoka. Mvua ikanyesha nyuma yetu, barabara ikakatika, na kurudi huko kukawa hakuna.

Tuliporudi Garissa mikono ya eeddo ilikuwa inamwasha vibaya kwa sababu ya dawa za miaka mingi, ngozi imepasuka kwenye vidole. Akaniambia leo ni zamu yako, safisha moja. Alifunga mlango, akakaa nje kulinda mtu asije akaufungua. Tasbihi yake ilining'inia kwenye msumari karibu na trei, ninajua, niliigusa nikipita. Lakini mimi nilikuwa na yangu mfukoni, ya marehemu mama yangu, na nilitaka kazi hii kubwa ya kwanza niifanye na ya mama. Nikatikisa trei. Nikavuta punje. Subhanallah, subhanallah, mizunguko minne kamili, bila haraka na bila kupitiliza. Nikahamishia kwenye siki, kisha kwenye dawa ya kukazia, nikijiona fundi.

Niliitoa kwenye mwanga. Negativu, yaani filamu iliyosafishwa, ambayo cheupe huonekana cheusi, ilikuwa hafifu mno, vichaka vimetoweka, maji hayapo, pamebaki alama ya ule udongo mweupe na mbingu basi. Eeddo alikuwa ameitwa mbele na wateja wawili. Aliporudi aliishika dirishani. Akauliza mizunguko mingapi. Nne. Akanyoosha mkono nimpe tasbihi niliyotumia. Akaivuta punje moja moja kwa kidole gumba kilichopasuka, midomo ikihesabu, na hakufika mbali.

"Mwalimu," akasema, "hii ni thalathini na tatu."

Yake ilikuwa na punje tisini na tisa. Kwetu nyumbani kila mtu anatumia ya thalathini na tatu, hata haikunipitia akilini kwamba kuna watu wanaoita mzunguko kitu kingine. Mimi, niliyekuja na kipimajoto, nilikuwa nimeipa filamu theluthi ya muda wake, na gizani sikuhisi upungufu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kulia, kisha nikajikasirikia kwa kulia, kisha nikamkasirikia yeye kwa kutonikasirikia. Maana alikuwa ameketi juu ya kigoda, anacheka mpaka mabega yanatikisika, na akasema marehemu mumewe alikosa vibaya zaidi, aliwahi kusafisha harusi nzima ndani ya siki.

Alipomaliza kucheka akairudia ile negativu. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mimi. Mimi niliona nilichoharibu. Yeye aliona kwamba udongo mweupe, hata kwa muda mfupi vile, ulikuwa tayari umeanza kukolea, na akasema mizunguko minne ya kawaida ingeuchoma kabisa. Ya pili tungeipa mitatu. Akaitoa tasbihi yake kwenye msumari, akaniwekea mkononi. Nikasema hapana, safari hii afanye yeye, hii ndiyo ya mwisho, ikiharibika adeer hataona kitu. Akasema ndiyo maana nataka ifanywe na mtu ambaye hatakosea tena kuhesabu. Akatoka na mlango ukafungwa.

Sitasahau zile dakika tano hivi. Mikono yangu ilijua kazi. Nilivuta punje za mtu mwingine, nzito kuliko zangu, na kila mzunguko ulipoisha kwenye punje ndefu ya mwisho nilisema namba yake kwa sauti, naye kutoka nje ya mlango akaitikia, moja, mbili, tatu. Negativu ilitoka nzuri kuliko zote nilizoziona pale. Kila kitu kilikuwamo, mwangani na kivulini. Eeddo hakusema nimefanya vizuri. Alinipa chai.

Baada ya hapo ni karatasi, na hapo nikajitia ujuaji tena. Studio ilikuwa na mashine ya kukuzia picha, ya mumewe, na karatasi moja kubwa iliyobaki, kubwa kama sinia la wali. Nilishikilia tukuze mpaka mwisho. Mtu asiyeona vizuri anapewa kikubwa, hilo hata mtoto anajua. Tulikuza. Ilikuwa picha ya kutia mtu bumbuwazi: maji yametulia, udongo unang'aa bila kuungua, migunga ng'ambo, kichaka cheusi upande wa kushoto. Tuliikausha siku nzima tukiipita na kuitazama. Nilidhani kazi imekwisha.

Adeer alikaa kizingitini, penye mwanga, tukamwekea picha magotini. Akavaa miwani. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akashuka chini, akapanda juu. Alisema mti. Alisema maji. Alisema mbingu. Tukaisogeza mbali naye, ikawa ukungu kwake, hata miti akaikosa. Tukairudisha. Alisema ni nzuri, Mungu atulipe, na sauti yake ilikuwa ileile aliyonishukuria nayo msahafu. Kisha akauliza kwa upole silanga yenyewe iko upande gani. Kiganja chake kilikuwa juu yake.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa karibu na tangi la maji. Nilikuwa na uchungu, na kwa kweli nilikuwa na hasira naye kidogo, mzee wa watu, kwa kutoiona kazi yetu. Eeddo alinifuata. Mkononi alikuwa na msahafu ule mdogo wa mfukoni. Aliufungua mbele yangu, kisha akakunja vidole kuwa tundu mbele ya jicho lake na kunichungulia kupitia humo.

"Bicha ni kubwa, macho yake imekuwa dogo," akasema. "Bicha lazima iingie ndani ya macho yote."

Hapo nikaelewa birika lililoanguka na miimo ya milango. Macho yake hayakuwa yamefifia katikati, yalikuwa yamefunga kutoka pembeni, na lile tundu lililobaki lilikuwa safi bado. Msahafu wangu mkubwa ulimpa herufi mbilimbili. Ule mdogo ulimpa mstari mzima. Nilimletea kile nilichodhani anahitaji na wala sikumuuliza anaonaje.

Kwa hiyo hatukukuza kitu. Eeddo aliilaza negativu juu ya karatasi ya saizi yake, akaikandamiza kwa kioo, akawasha taa, akahesabu, akazima. Ni njia ya zamani kuliko zote, na ndiyo kali kuliko zote, maana picha haisafiri kupitia lenzi nyingine wala haitanuki. Kilichomo kwenye filamu ndicho kinachokaa kwenye karatasi. Alikataa karatasi ya kung'aa kwa sababu jua la kizingitini lingemrudia machoni. Alichagua laini, isiyo na mng'ao. Mimi nilipenda ile ya kwanza aliyoijaribu, mbingu nzito na kichaka cheusi tii. Akaiweka kando, akatoa nyingine nyororo, ambayo kichaka chake kilikuwa kijivu chenye majani. Nikamwambia ile ya kwanza ina nguvu zaidi. Akasema nguvu ni ya ukutani, na huyu hataki ukuta.

Tulimpa picha ya inchi nne kwa tano. Aliishika kama anavyoshika msahafu, karibu na miwani, kwa vidole viwili. Hakugeuza kichwa. Mkono wa pili ukaenda kumtafuta dada yake ubavuni mpaka ukampata.

"Iko yote," akasema.

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, alikaa pale kizingitini na picha. Aliitazama, akafumba macho, akaisimulia kwa Kisomali polepole, akafumbua kuhakikisha, akafumba tena. Wapita njia walidhani ni uradi. Aliendelea hivyo kwa miezi saba au minane. Alipoanza kufumbua macho bila kuitazama tena, tulijua giza limefika.

Eeddo bado anafanya kazi, sasa kwa glavu. Mimi nimebaki Garissa ingawa ningeweza kuomba uhamisho, na ukiniuliza sababu nitakwambia ni wanafunzi, lakini sababu ni chumba kile. Sijawahi kufanya kazi chini ya mtu aliyenipita kiasi hicho na ambaye hakunikumbusha hata siku moja kwamba amenipita.

Wiki iliyopita nilimkuta adeer kizingitini, picha iko ndani ya msahafu mdogo. Nilidhani nitamfurahisha, nikaitoa, nikaanza kumweleza. Nikasema maji yametulia, udongo ni mweupe, kuna kichaka kushoto, na ng'ambo kuna migunga mitatu.

"Nne," akasema. "Moja iko ndani ya giza, nyuma ya kichaka. Babangu alikuwa nalala hapo, mchana, tukichimba."

Filamu ya picha ile niliisafisha mimi, kwa mikono yangu, na nimeitazama zaidi ya mwaka. Niliipeleka kwenye jua nikaisogeza karibu na uso. Nyuma ya majani yale ya kijivu, ambayo ningeyafanya meusi kama ningeachiwa kuchagua, palikuwa na shina, na juu yake matawi. Nikamwambia ni kweli, ni minne. Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono nimrudishie picha yake.